Siku Tatu Kraków: Punguzeni Orodha, Ongezeni Muda

(Hotuba iliyotolewa Berlin mbele ya Waswahili waishio hapa, katika kikao cha kuandaa safari yetu ya mapumziko kwenda Kraków, Polandi. Imewekwa yote kwa ajili ya walioshindwa kufika.)

Bwana Mwenyekiti, wazee wetu, mama zangu, kaka na dada, vijana: asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Itifaki imezingatiwa.

Mwenyekiti aliniita akaniambia, "Mwanangu, wewe Kraków umefika, hebu tuambie twende tukaone nini." Nimekubali kwa moyo mweupe, maana mji ule naupenda na natamani nanyi muupende. Ila wazee wangu mniwie radhi: kabla ya kusema tukaone nini, nitasema tuache nini. Nimeipitia ile orodha inayozunguka kwenye simu zetu. Kila mtu ameongeza lake. Kuna ikulu ya wafalme, kuna makanisa, kuna mgodi wa chumvi, kuna Auschwitz, ile kambi ya mauaji ya Wanazi, kuna kiwanda cha Schindler, yule mfanyabiashara Mjerumani aliyeokoa Wayahudi, kuna milima ya Zakopane, kuna mashua kwenye mto Vistula, na kuna mtu ameandika tutenge Jumapili nzima ya kufanya manunuzi. Haya yote kwa siku tatu! Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Tutayaona saa ngapi? Na tukiyaona mbio mbio, jioni tukiulizwa tumeona nini, tutajibu nini?

La manunuzi tulimalize hapa hapa. Tangu 2018 sheria ya Polandi imeanza kubana biashara ya Jumapili, na leo Jumapili karibu zote za mwaka maduka makubwa hufungwa. Kwa hiyo hilo limejitoa lenyewe. Mengine tutayatoa sisi. Punguzeni orodha, ongezeni muda. Nitalirudia neno hili mpaka mlichoke.

Ndugu zangu, tuulizane kwanza: kwa nini Kraków? Kwa nini si Paris, kwa nini si Roma?

Mimi ni mtu wa Arusha. Ukitoka mjini kwa barabara ya Moshi unafika Tengeru, pale penye soko la ndizi. Wanaopajua naona wanatikisa vichwa. Ndani ya eneo la chuo cha mifugo kuna makaburi karibu 150, yamepangwa kwa safu, yameandikwa majina ambayo sisi watoto tulishindwa kuyatamka. Ni makaburi ya Wapolandi. Walifikaje chini ya Mlima Meru?

Mwaka 1939 Polandi ilivamiwa kutoka pande mbili. Wajerumani waliingia kwa magharibi Septemba mosi, Wasovieti wakaingia kwa mashariki Septemba 17. Mwaka 1940 na 1941 Wasovieti waliwasomba raia wa Polandi kwa malaki, wakawapeleka Siberia na Kazakhstan kukata magogo kwenye theluji. Hitler alipomgeukia Stalin, waliobaki hai walifunguliwa, wakateremka kusini wakiwa wagonjwa na wenye njaa, na mwaka 1942 wakavuka Bahari ya Kaspi mpaka Uajemi pamoja na jeshi la Jenerali Władysław Anders. Askari walikwenda vitani. Je, akina mama, wazee na yatima wapelekwe wapi? Waingereza wakawapakia melini, wakaja kwetu. Wakashushwa Mombasa, Tanga na Dar es Salaam. Kambi ya Tengeru ilifikia watu karibu 5,000, wakiishi kwenye nyumba za duara zilizoezekwa nyasi, wakiwa na shule, hospitali, kanisa na mashamba yao. Wengine walipelekwa Uganda, Koja na Masindi. Ndugu zetu wa Uganda, kanisa walilolijenga Nyabyeya kule Masindi lipo mpaka leo. Wengine walikuwa Kenya, Makindu na Rongai.

Niseme ukweli, wengi wa wale walitoka mashariki ya Polandi ya wakati ule, sehemu ambazo leo ni Ukraine, Belarusi na Lithuania. Hawakuwa watu wa Kraków hasa. Hata hivyo, mama mwenye nyumba niliyopanga Kraków aliponiuliza kwetu wapi, nikamtajia Arusha, alikaa kimya kidogo. Kisha akaniambia shangazi yake alijifunza kusoma na kuandika Tengeru. Akaniwekea chai, tukaongea mpaka usiku, yeye kwa Kiingereza chake na mimi kwa changu.

Ndiyo maana nasema Kraków. Kule hatuendi kama watu wasiohusika. Watu wa nchi ile walikuwa wakimbizi kwetu, walizika watoto wao kwetu. Mtu ukishalijua hilo, unautembelea mji kwa macho mengine.

Na kuna sababu ya pili. Warsaw iliangamizwa vitani, na sehemu kubwa ya mji wake wa kale unaouona leo ilijengwa upya baada ya vita. Kraków ilisalimika. Mawe unayoyakanyaga ni yale yale. Mwaka 1978, UNESCO ilipotoa orodha yake ya kwanza kabisa ya urithi wa dunia, maeneo 12 tu, Polandi ilipata mawili: mji wa kale wa Kraków na mgodi wa chumvi wa Wieliczka ulio jirani. Watu wa Unguja na wa Lamu mnajua kuishi ndani ya mji wa namna hiyo kunavyokuwa. Miji yenu iliingia baadaye, 2000 na 2001.

Sasa tuje kwenye siku zenyewe. Siku ya kwanza naomba iwe ya miguu. Miguu tu! Kutoka stesheni kuu mpaka uwanja mkuu, Rynek Główny, ni mwendo wa robo saa. Uwanja ule ulipimwa mwaka 1257, una mita 200 hivi kila upande, na katikati yake limesimama jengo la Sukiennice, walikouziana vitambaa wafanyabiashara wa karne nyingi. Pembeni kuna Kanisa la Mariamu Mtakatifu, lenye minara miwili isiyolingana urefu.

Je, mkifika pale mtafanya nini? Najua. Mtatoa simu, mtapiga picha, mtaulizana, "Haya, tunaelekea wapi?" Hapana. Nawaombeni mkae. Kaeni kwenye uwanja ule mpaka saa igonge. Kila saa, mchana na usiku, dirisha la mnara ule mrefu hufunguliwa, na askari wa zimamoto hupiga tarumbeta. Hupiga kuelekea pande nne za mji, dirisha baada ya dirisha. Wimbo wenyewe ni mfupi, na kila mara hukatika ghafla, kabla ya kumalizika. Kwa nini hukatika? Wenyeji husimulia kwamba Watatari walipouvamia mji mwaka 1241, mlinzi wa mnara alipiga tarumbeta kuwaamsha watu, mshale ukamchoma kooni katikati ya sauti. Hiyo ni hadithi ya mji, si habari ya vitabu vya historia. Lakini askari wanapokezana zamu kule juu, na wimbo wa saa sita mchana umekuwa ukirushwa na redio ya taifa tangu 1927. Mji mzima umekubaliana kwamba wimbo usimalizwe. Mtu anayekimbilia kitu kinachofuata hawezi kulisikia jambo kama hilo. Anasikia kelele za tarumbeta, anapita.

Ndani ya kanisa kuna madhabahu ya mbao iliyochongwa na Veit Stoss, fundi kutoka Ujerumani, kati ya 1477 na 1489. Miaka 12, kazi moja! Urefu wake unakaribia mita 13, na mitume waliochongwa pale wana mishipa ya mikono na mikunjo ya uso kama wazee tunaowajua. Wanazi waliing'oa vitani wakaipeleka Nuremberg, ikapatikana imefichwa chini ya ngome, ikarudishwa 1946. Kiingilio cha watalii kina tiketi yake. Mkiingia, kaeni kwenye benchi. Kama fundi alitumia miaka 12, sisi tunashindwa dakika 20?

Kutoka pale mnafuata mtaa wa Grodzka mpaka kilima cha Wawel, yalipo makao ya wafalme kabla Warsaw haijawa mji mkuu. Tiketi za Wawel huuzwa kwa sehemu, vyumba hivi mbali na vile mbali, na idadi ya watu ina kikomo. Msijaribu kununua zote. Ushauri wangu: kanisa kuu na seti moja ya vyumba, basi. Ndani ya mnara wa kanisa kuu kuna kengele ya Zygmunt iliyosubuiwa 1520, ya karibu tani 13, ambayo mpaka leo huvutwa kwa kamba na wanaume 12 hivi, siku kubwa tu. Watoto wao watataka lile joka la chuma lililo chini ya kilima, pembeni mwa mto, linalotoa moto wa kweli kinywani. Wapelekeni. Wana haki yao.

Lakini wazazi, hasa wazazi wenye mabinti, naomba mlitafute kaburi la Malkia Jadwiga humo kanisani. Alitawazwa mwaka 1384 akiwa mtoto wa miaka kama kumi, na alitawazwa kwa cheo cha mfalme. Chuo kikuu cha Kraków kilikuwa kimeanzishwa 1364 na Mfalme Kazimierz Mkuu, kikafifia kikakaribia kufa. Jadwiga alipofariki 1399, aliacha wosia kwamba vito vyake vigharimie chuo. Mwaka mmoja baadaye kikafunguliwa upya. Kaburi lake lilipokuja kufunguliwa, ilikutwa fimbo ya kifalme ya mbao na tufe la mbao. Dhahabu hakuzikwa nayo. Chuo alichokifufua ndicho alichosoma Copernicus, yule mtaalamu wa nyota, kuanzia 1491. Hii ni habari ya kusimuliwa mbele ya kaburi lenyewe, taratibu, mtoto akiwa amekushika mkono. Mwongozaji mwenye bendera na watu 40 nyuma yake hatakusimulia hivyo, maana kundi jingine linamsukuma.

Mkirudi, piteni kwenye bustani ya Planty, inayouzunguka mji wa kale pale zilipokuwa kuta. Mtakuta jengo la matofali mekundu la chuo kikuu, Collegium Novum. Tarehe 6 Novemba 1939 wahadhiri na maprofesa waliitwa humo kusikiliza mhadhara wa afisa wa Kijerumani kuhusu elimu chini ya utawala mpya. Walikuja kwa heshima, wengine wazee wa mvi. Mhadhara haukuwepo. Milango ilifungwa, wakakamatwa watu 183, na wengi wao wakapelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen. Sachsenhausen ni wapi, ndugu zangu? Ni hapa Oranienburg! Ni kwenye reli hii hii ya S1 tunayopanda kila siku. Wangapi humu tumewahi kushuka pale kutazama? Siulizi kwa lawama. Nasema tu kwamba njia ya kutoka hapa kwenda Kraków ina historia ndani yake, na watu walisafirishwa humo kwa nguvu.

Wakatoliki mtaniuliza kuhusu Papa Yohane Paulo wa Pili, aliyekuwa askofu mkuu wa Kraków kabla ya 1978 na aliyekuja Tanzania Septemba 1990. Nyumba ya askofu ipo mtaa wa Franciszkańska, na dirisha alilokuwa akisimama kuzungumza na vijana liko juu ya lango. Ni mwendo wa dakika chache kutoka Planty, halihitaji tiketi.

Hiyo ndiyo siku ya kwanza. Mnaona nimetaja machache? Nimetaja machache.

Siku ya pili ni nzito, na hapa ndipo nitakapokaa zaidi.

Auschwitz iko katika mji wa Oświęcim, kilomita 70 hivi magharibi mwa Kraków. Pale waliuawa watu wapatao milioni 1.1, na karibu milioni moja kati yao walikuwa Wayahudi. Kambi ilikombolewa Januari 27, 1945, na makumbusho yalianzishwa 1947. Kuna kampuni zinauza safari ya siku moja yenye Auschwitz asubuhi na mgodi wa chumvi jioni. Mmeziona bei zake, ni nafuu, na najua kuna watu humu wameshazipenda. Nawasihi, msinunue. Nawasihi! Mtu atatokaje kwenye chumba chenye milima ya viatu vya watu waliouawa, kisha saa tatu baadaye awe anapiga picha za taa za chumvi? Kwetu mtu akitoka kuzika hupewa muda. Watu hukaa chini, hunyamaza, hunywa chai, ndipo maneno yanarudi. Tujipe muda huo. Siku ile iwe na jambo moja tu, na jioni yake iwe tupu.

Na mjue utaratibu. Kiingilio chenyewe ni bure, lakini lazima uwe na kadi ya kuingilia yenye jina lako, inayochukuliwa mapema kwenye tovuti ya makumbusho yenyewe. Ukitaka kuongozwa, na mara ya kwanza ni vizuri kuongozwa, unamlipia mwongozaji. Ziara ni kama saa tatu na nusu, kambi ya kwanza kisha ya pili, Birkenau, na basi la makumbusho huwapeleka watu kutoka moja hadi nyingine. Begi liwe dogo sana. Kitambulisho kiwe mkononi. Makumbusho yenyewe hayashauri kuwapeleka watoto chini ya miaka 14, nami nakubaliana nayo kwa moyo wote.

Kuna familia ya hapa Berlin, leo hawapo ila wameniruhusu niwasimulie. Waliamka alfajiri Kraków, wakapanda basi, wakafika mlangoni saa nne asubuhi wakidhani tiketi hukatwa pale pale. Nafasi zilikuwa zimejaa. Baba alikuwa amesoma habari za mahali pale tangu sekondari Bukavu, ametamani miaka mingi kusimama pale, na alisimama nje ya uzio mpaka basi la kurudi likaja. Waliporudi mjini walikuwa hawaongei. Hilo lingeepukwa kwa nusu saa ya kukaa mbele ya kompyuta miezi miwili kabla. Kwa hiyo kitu cha kwanza kufanya katika mpango wetu wote, kabla ya hoteli, kabla ya treni, ni kadi za Auschwitz. Zikipatikana za Jumamosi, tunajenga siku nyingine kuizunguka Jumamosi. Zikipatikana za Ijumaa, tunahamisha. Tarehe ya kadi ndiyo inayopanga safari.

Tena tuepuke mwanzo wa Mei. Mei mosi ni sikukuu, na Mei 3 ni siku ya katiba yao ya mwaka 1791. Wapolandi huunganisha siku hizo, nchi nzima husafiri, na vyumba Kraków hupanda bei. Mwisho wa Mei ni bora. Septemba pia ni nzuri.

Siku ya tatu. Hapa kuna mvutano, nimeusikia: nusu wanataka mgodi wa Wieliczka, nusu wanataka mtaa wa Wayahudi. Msilazimishane. Tugawanyike, tukutane jioni.

Wieliczka ni mahali pa ajabu kweli. Watu walichimba chumvi pale tangu karne ya 13. Mita 101 chini ya ardhi kuna kanisa la Mtakatifu Kinga, ambalo sakafu yake, madhabahu yake, sanamu zake, vyote ni chumvi, hata vipande vya zile taa kubwa za darini. Wachimbaji watatu walilichonga kwa zamu kuanzia 1896, mmoja akiacha mwingine akiendelea, kwa miaka zaidi ya 60. Lakini wazee wangu, sikilizeni: safari inaanza kwa kushuka ngazi 380, na kwa jumla zinafika 800 hivi. Kupanda juu mtapanda kwa lifti, kushuka ni magoti yenu. Chini kuna nyuzi 17 au 18 mwaka mzima, hata nje kukiwa na joto, kwa hiyo sweta. Kwa mwenye kiti cha magurudumu kuna njia ya pekee, lakini huombwa mapema, usifike nayo mlangoni.

Mimi mwenyewe, mkiniuliza, ningewapeleka Kazimierz na Podgórze. Kazimierz ulianzishwa 1335 kama mji wake wenyewe, ukaja kuwa makao ya Wayahudi wa Kraków kwa karne nyingi. Sinagogi ya Remuh na makaburi yake ya kale yapo. Kabla ya vita Wayahudi wa mji huu walikuwa zaidi ya 60,000. Mwaka 1941 waliobaki walisukumwa ng'ambo ya mto, Podgórze, wakazungushiwa ukuta. Machi 1943 mtaa ule ulifutwa: wenye nguvu wakapelekwa kambi ya kazi, wengine wakauawa barabarani au wakapelekwa Auschwitz.

Ukivuka mto kwa daraja utafika uwanja uliojaa viti vya chuma, vikubwa, vitupu, vimepangwa kwa nafasi. Ndipo walipokusanywa watu wakisubiri kuondolewa. Pembeni ya uwanja kuna duka la dawa lililoitwa Chini ya Tai, Apteka pod Orłem. Mwenye duka alikuwa Tadeusz Pankiewicz, Mpolandi Mkatoliki. Ukuta ulipojengwa, duka lake likawa ndani. Aliambiwa ahamie upande wa pili, akakataa. Akabaki, yeye na wasaidizi wake wanawake watatu, wakitoa dawa, mara nyingi bila malipo, wakipitisha barua na habari, wakitoa rangi za nywele ili wazee waonekane vijana wa kufanya kazi wasichukuliwe, wakitoa dawa za kuwalaza watoto wachanga wasilie msako ukipita. Mmesikia? Rangi ya nywele! Kitu cha kawaida kabisa cha dukani, kikawa njia ya mtu kuishi siku moja zaidi. Leo duka lile ni makumbusho madogo, unafungua droo kwa mkono wako, unasoma habari za mtu mmoja mmoja. Kiwanda cha Schindler, mtaa wa Lipowa, ni mwendo wa dakika kumi na tano kutoka pale, nacho ni kizuri, ila kinajaa na kinahitaji tiketi ya mapema. Kama una nafasi ya kimoja tu, nakuomba uingie duka la dawa.

Nimetaja machache katika mtaa mzima. Punguzeni orodha, ongezeni muda!

Sasa mambo ya mfukoni na ya mlangoni, nitayapitia haraka.

Hati. Wenye kibali cha ukaazi cha Ujerumani mnaruhusiwa kuingia Polandi kwa matembezi, lakini bebeni pasipoti na kibali, vyote viwili, vikiwa hai. Ukaguzi umerudi kwenye mpaka huu, na mtoto naye awe na zake. Ndugu watakaotoka Uingereza kuungana nasi, kama pasipoti ni ya Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo, kibali cha Uingereza hakitoshi. Wanahitaji viza ya Schengen, euro 90 kwa mtu mzima, na miadi ya ubalozini si ya wiki moja. Waanze sasa.

Usafiri. Kuna treni ya moja kwa moja kutoka Berlin, mwendo wa kama saa saba. Anayetua kwa ndege Balice, uwanja wa ndege wa Kraków, ana treni mpaka stesheni kuu, dakika 20 hivi. Tiketi ya tramu lazima igongwe kwenye mashine unapopanda. Tiketi isiyogongwa, mbele ya mkaguzi, ni sawa na kutokuwa nayo.

Pesa. Wao hawatumii euro, wanatumia zloti. Mashine ya kutolea pesa ikikuuliza ukatwe kwa euro au kwa zloti, chagua zloti. Chagua zloti! Ukichagua euro, mwenye mashine ndiye anayejipangia kiwango cha kubadilisha, na hakipangi kwa faida yako. Dada mmoja wa hapa alitoa pesa za chakula cha watoto, akaja kugundua nyumbani kwamba amekatwa kiasi ambacho kingewalisha siku nzima nyingine. Kwenye maduka ya kubadilisha fedha, yanayoandikwa "kantor", tazama bei ya kununua na ya kuuza, na uulize utapewa ngapi kabla hujatoa noti.

Chakula. Ndugu zangu Waislamu, nguruwe yupo kila mahali, hata pale usipomtarajia. Pierogi, yaani vitumbua vya unga vilivyojazwa na kuchemshwa, za viazi na jibini, zinazoitwa "ruskie", ndani hazina nyama, lakini mara nyingi juu humwagiwa vipande vya mafuta ya nguruwe vilivyokaangwa. Semeni "bez skwarków", yaani bila hivyo vipande. Mikate ya duara ya obwarzanek, inayouzwa kwenye vigari mitaani, ni rafiki wa kila mtu na bei yake ni ndogo. Na ile migahawa ya zamani iitwayo bar mleczny hulisha familia nzima kwa bei ambayo Berlin tumeshaisahau.

Mtu ameniuliza pembeni, je, watatutazama? Watatutazama, ndiyo, hasa tukiwa kundi, na hasa nje ya katikati ya mji. Wengi hutazama kwa udadisi tu. Usiku tutembee pamoja, kama tunavyofanya hapa, na vijana wasiachane na wazee.

Kilichobaki ni kazi. Katibu ana karatasi mbili pale mezani. Ya kwanza ni ya kadi za Auschwitz: andikeni majina kama yalivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, msiandike majina ya utani. Asiyetaka kwenda kule asione aibu, aandike hivyo hivyo, tutampangia siku ya utulivu mjini pamoja na wenye watoto wadogo. Ya pili ni ya siku ya tatu: Wieliczka au Kazimierz, tia alama moja. Moja tu, nimeona tayari kuna mtu ametia mbili. Karatasi zinafungwa Jumapili ijayo, na Jumatatu nitaketi na katibu kuchukua nafasi.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Mzee wangu pale kwenye kona, naona mkono wako uko juu tangu nilipotaja zile ngazi. Karibu, uliza.